Samaki Niliyemchagulia Papa

Sisi tuliokulia Kalemie kabla ya simu kuingia mifukoni tulijifunza samaki kwa macho na vidole. Tukitoka masomo tulivua viatu tusivichakaze, tukashuka ziwani kuogelea mpaka macho yakawa mekundu, kisha tukarudi nyumbani tukinuka ndagala, dagaa wa kwetu, tulizodokoa zilikoanikwa. Tulichapwa, tukala bukari, ugali wetu, tukalala. Watoto wa leo ukiwaambia washuke ziwani wanakuuliza kama huko kuna mtandao.

Kwetu kulikuwa na kitu ambacho mtaa mzima ulikuja kukitazama: sanduku la kioo lililojaa maji ya ziwa, na ndani yake samaki wa mawe, wale wadogo wenye mistari ya buluu na manjano. Papa, ndivyo tulivyomwita baba, alikuwa karani kwenye biro, yaani ofisi ya reli. Akirudi jioni alivuta kiti akawatazama kabla hata ya kumsalimia Mama, naye Mama alinung'unika kwamba wake wenzake wana mapezi.

Aliyemletea samaki hao alikuwa rafiki yake, Papa Kilufya, mvuvi wa Zongwe, aliyezamia kwenye miamba na kuwakamata kwa wavu mdogo bila kuwaumiza. Kila alipokuja mjini alikula kwetu, na vicheko vyao wawili vilisikika mpaka barabarani. Sharti la Papa lilikuwa moja tu: samaki wa kioo asizidi urefu wa kidole cha kati. Akizidi hapo, alisema, ameshazoea kuwa na mwamba wake mwenyewe, hatakubali kugawana chumba.

Siku moja Papa Kilufya alifika Papa akiwa kitandani na malaria. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nikatumwa kuchagua. Ndooni mlikuwa na wadogo watatu na mmoja mkubwa kuliko kiganja, wa buluu iliyokoza, mwenye nundu kwenye paji la uso. Nikamwonyesha huyo.

"Hapana, mama," akaniambia, maana kwetu hata msichana mdogo huitwa mama. "Kamata huyu mudogo. Ule mukubwa atawaua wenzake."

"Papa njo alisema mukubwa," nikajibu.

Nilidanganya. Mnajua tulivyolelewa: samaki mkubwa chunguni ni wa baba, na mtoto anayempelekea baba yake samaki mdogo hana adabu. Niliwaza kwamba Papa akiamka na kumwona atapona haraka. Papa Kilufya alinitazama kidogo, kisha akammimina ndani ya kioo.

Asubuhi samaki saba walikuwa wanaelea, mapezi yamechanwa. Papa alijikokota mpaka sebuleni, akaegemea ukuta.

"Kilufya anajua kipimo," alisema. "Amefanya makusudi. Ananizarau."

Nilikuwa nimesimama pale pale. Ningeweza kusema. Niliogopa, nikanyamaza.

Papa Kilufya alipokuja tena, Papa hakutoka chumbani. Akaja mara ya pili, ikawa vile vile, na baada ya hapo hakuja tena. Mama akakigeuza kioo kuwa chombo cha unga wa muhogo. Papa alizeeka akitazama ukuta jioni, akafariki bila kupatana na rafiki yake.

Mwaka huu nilipanda mtumbwi wa injini hadi Zongwe. Papa Kilufya haoni vizuri sasa. Nilimweleza yote nikilia kama mtoto.

"Nilijua tangu siku ile," akasema. "Ningesema mimi, papa yako angekuchapa na kukuita muongo. Nikawaza, atakua, atasema yeye mwenyewe."

Nilikua. Sikusema.

Tunawacheka vijana kwa kutangaza kila kitu kwenye simu, hata walichokula asubuhi, nami huwacheka pia. Lakini binti yangu akivunja sahani huja kuniambia kabla sijaona vipande. Sisi tulifundishwa kumheshimu Papa mpaka tukamwogopa, na kwa woga wangu nilimnyima Papa rafiki yake kwa miaka yote aliyobakiza duniani.