Mkate Niliouoka Sebuleni

Wapo wanawake wa hapa Ihanda ambao mpaka leo nikipita wanasogeza vikombe vyao wanasema, "Funikeni chai, bibi yake Sekela huyo anakuja," halafu wanacheka, nami nacheka nao kwa sababu nitafanya nini, lakini aibu ile imenikaa kooni kama mwiba wa samaki, na leo naisema mwenyewe maana nimechoka kuisikia kwa watu ambao hata hawakuwepo.

Mimi ni mtu wa majivuno, sikatai. Shule niliishia darasa la pili na jina langu naliandika kwa kulichora, lakini mkate wa kuoka hakuna mwanamke wa kata hii wa kunifundisha. Miezi ya Juni na Julai huku kwetu ukungu unaingia mpaka mlangoni, watu wanachuma kahawa vidole vimekufa ganzi, na raha yetu jioni ilikuwa moja tu: kibanda changu cha nyasi nyuma ya nyumba, sufuria juu ya mkaa na mkaa mwingine juu ya mfuniko, wajukuu wamejibana ndani ya blanketi moja, tunasubiri harufu, na ugomvi umeshaanza wa nani atapata ukoko. Humo hata mtu aliyetoka kuzika alikuwa anasogea na kikombe chake.

Sasa kahawa ikapata bei, mwanangu Lameki akanijengea nyumba ya matofali ya kuchoma, bati, madirisha ya vioo, na ndani dari nyeupe. Dari ya kwanza upande wetu! Watu walikuwa wanakuja kuiangalia (kuna mzee mmoja alilala chali sakafuni ili aione vizuri, nikamwacha).

Na mwaka huohuo Sekela, mjukuu wangu niliyemlea tangu mama yake alipofariki, akachumbiwa na kijana wa kijiji cha Mpemba, kule mpakani, fundi seremala, mpole, mikono yake inanukia mbao. Wazee wake wakatuma neno kwamba Jumamosi wanakuja kutuona: mshenga, baba mdogo wa kijana, na shangazi yake aliyemlea. Kila mtu akanionya kwamba neno la mwisho ni la huyo shangazi, akikubali ndoa ipo, akikunja uso basi. Sekela hakulala. Aliniambia, "Bibi, mimi nikimkosa huyu, sitaki mwingine." Nikamwambia, "Acha ujinga, wakionja mkate wangu watasahau hata njia ya kurudi kwao."

Jumamosi ilikuja na baridi ya kukata masikio. Donge nililikanda tangu alfajiri likakaa tu limenuna, halitaki kuumuka, na wageni wako njiani. Hapo ndipo nilipoamua jambo moja dogo, dogo kweli: nikahamisha kazi yangu kutoka kibandani, nikaileta sebuleni, chini ya dari. Majiko mawili ya mkaa, moja la mkate na moja la kuwapasha wakwe miguu. Madirisha nikayabana, na chini ya mlango wa uani nikasokomeza gunia la kahawa ili upepo usiguse unga wangu.

Enesi, mke wa Lameki, akasema, "Mama, si uokee kulekule jikoni tulikozoea?"

"Unataka wakwe wanywe chai meno yanagongana? Nenda na Sekela mkachambue mchele huko. Humu niachie mimi."

Wakaja. Shangazi alikuwa mwanamke mnene mwenye shali nyekundu, anaongea hata akiwa anakaa. "Aa, mukwai," akasema (wale wa mpakani mukwai yao ya heshima haiwatoki mdomoni), "nje tulikuwa tunakufa, humu ni kama kwapani mwa mama!" Nikacheka, nikawamiminia chai ya maziwa. Mkate ukaanza kunukia. Shangazi akafumba macho akavuta pumzi ndefu, akasema, "Mama, huo hauondoki hapa bila mimi," na moyo wangu ukapaa, nikajua tayari tumemwoza Sekela.

Nikaanza kumsifu Sekela, na jembe lake, na heshima yake, na nilipoanza siishi. Baba mdogo akawa anajipangusa kipaji cha uso. Nikamuuliza, "Joto limezidi?" Akajibu, "Hapana mama, tuko vizuri kabisa." Angejibu nini? Ukweni mtu haombi hata maji, atasemaje fungua dirisha, kichwa kinaniuma? Mimi mwenyewe kichwa kilikuwa kinagonga kama kinu, nikadhani ni furaha. Shangazi alikuwa amenyamaza, anaitikia tu kwa kichwa, taratibu, kila ninalosema anaitikia, nami nazidi kuongea. Kumbe haitikii. Kichwa kilikuwa kinamwanguka.

Akateremka kutoka kwenye kiti kama kanga inayodondoka kwenye kamba. Baba mdogo akainuka kumdaka, magoti yakakunjika, akatapika kwenye sakafu yangu mpya. Mshenga alikuwa ametoka kujisaidia, akarudi akakuta ndugu zake wako chini na mimi nimesimama na birika mkononi.

Jamani, mtu akikuta hivyo atasema nini?

"Wameuawa! Mmewawekea nini kwenye chai?"

Lameki akaja mbio, wakawaburuta mpaka uani, majirani wakajaa, wengine na mapanga yao ya shambani. Ningenyamaza, pengine mambo yangepoa. Lakini chai yangu itukanwe mbele ya kata nzima? Nikapaza sauti, "Chai yangu haina kitu! Naenda kuinywa yote, mnaniona!" Nikaingia ndani, nikasukuma mlango nyuma yangu (kwa sababu ya yale matapishi, sikutaka watu wayaone), nikasimama dirishani penye kioo ili kila mtu ashuhudie. Nikanywa kikombe cha kwanza. Nikajaza cha pili, nikakiinua juu kama mchungaji, na hapo kioo kikaanza kuondoka, kikaenda mbali, na nilichosikia mwisho ni sauti ya Mama Yuda jirani yangu ikisema, "Na yeye imemshika!"

Kata nzima iliniona nikianguka na chai mkononi. Enesi ndiye aliyenivuta kwa miguu, gauni limepanda mpaka kifuani, na hilo nalo walilishuhudia.

Baba mdogo upepo wa uani ulimzindua palepale. Sisi walitupakia kwenye gari la kubeba kahawa, mimi na shangazi tumelazwa pamoja juu ya magunia, na Sekela katikati ametushika mikono, huku na huku. Zahanati nesi akauliza swali moja tu, "Mlikuwa na jiko la mkaa ndani, mmefunga?" Akatueleza kwamba mkaa una hewa inayoua bila moshi, haionekani wala hainuki. Kibandani kwangu ilikuwa inatokea kwenye nyasi miaka yote, nami sikujua kama ipo. Jioni nilikuwa nimeshakaa kitandani. Shangazi alilala siku nyingi, na alipoamka hakuwa yuleyule. Mkate uliungua ukawa mkaa, sufuria tukaitupa.

Lameki alikwenda Mpemba kueleza. Walimpa kiti, maji hawakumpa. Wakamwambia, "Mkaa? Kwani sisi kwetu hatuwashi mkaa?" Mshenga akamsindikiza mpaka barabarani akasema kwa adabu, "Hatusemi mmetuua. Tunasema kijana wetu bado anajipanga." Mwaka uliofuata kijana akaoa kwingine.

Sekela hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenitukana. Yuko na mimi hapa, wamekuja wengine wawili, amewakataa, na kila baridi ikianza ananiletea mkaa kibandani bila kuniangalia. Jiko la mkaa halivuki kizingiti cha nyumba ile tena, hata tukiganda humo kama mawe.

Juzijuzi nilikwenda Tunduma sokoni nikasikia mtu ananiita, "Mama! Mama wa mkate!" Nikageuka, alikuwa shangazi. Amekonda, anashikwa mkono na mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni. Nilitaka kukimbia. Akanikumbatia, akacheka, akasema, "Ile harufu naikumbuka mpaka leo, mukwai. Ila nisaidie, tuliula au hatukuula?"

"Hamkuula, shangazi."

Akasikitika kabisa, mpaka machozi yakamlenga. "Basi utuokee siku ya harusi. Sekela hajambo? Mwambie kijana wetu anamaliza kitanda, tunakuja."

Yule mwanamke kijana akamsogeza mtoto vizuri mgongoni, akainamisha macho. "Ndivyo alivyo, bibi," akaniambia polepole. "Mume wangu, huyo kijana anayemsema, amekataza tusimbishie. Mwitikie tu."

Nikamwambia shangazi nitaoka.