Kamba za Ndege Haziendi Kariakoo

Ipo siku moja ambayo sitaisahau, mwanangu, na kwa kuwa Jumatatu unaanza kazi pale uwanjani kwenye ndege ndogo, nitakusimulia upende usipende. Kaa hapa.

Nilikuwa kijana wa rika lako, kazi yangu kuosha na kuegesha ndege za abiria watano, sita. Aliyenifundisha ni Fundi Chande, mzee wa kutoka Lindi, mkali, lakini chakula chake hali mpaka akuite. Ndege ikishaegeshwa tuliifunga kamba tatu, mbili za mabawa na moja ya mkia, kwenye pete za chuma zilizozikwa ndani ya zege. Sasa siku hiyo dada yangu Zuhura alikuwa anahama Magomeni kuja hapa Mchafukoge, na kabati lake limekwama Kariakoo juu ya mkokoteni, kamba imekatika. Akanitumia mtu nikamsaidie. Mimi nikazifungua zile tatu za ndege, nikazitia kwenye mfuko, simwambii mtu. Jua kali, jani halitikisiki. Nikasukuma kabari za mbao chini ya magurudumu, nikajisemea, dude zito hivi, upepo gani utalisogeza? Ujinga wa ujana huo, jamani!

Ndiyo kwanza tunakaza fundo la mwisho, upepo ukatushukia. Turubai la muuza viatu likapaa, ndoo zikabingirika, mama ntilie akakumbatia sufuria lake la wali. Watu wanacheka. Mimi nikaikumbuka ndege niliyoiacha bila kamba.

“Dada, nipe hizo kamba.”

“We! Na kabati langu je?”

“Zuhura, nipe kamba!”

Nikazichomoa, nikamwacha kalikumbatia kabati lake ananitukana. Ndani ya teksi nilitazama kila mti ulioinama. Njia nzima naomba Mungu, naapa sitarudia, dereva ananitazama kwa kioo anadhani nimefiwa.

Nilifika nikakuta ndege imelalia bawa moja, mkia juu, na watu wamemzunguka Fundi Chande aliyelala kwenye lami. Bega lake la kulia lilikuwa limetoka mahali pake. Askari wa getini akanieleza: mzee aliiona ndege inainuka upande mmoja, akakimbia, akaning’inia kwenye nguzo ya bawa. Walimpigia kelele aachie, hakuachia, ikamnyanyua na kumbwaga. Elewa mwanangu, bawa limeundwa linyanyuke. Upepo mkali ukilipita, linanyanyuka tu, rubani awepo asiwepo.

Nikapiga magoti. Mzee akafumbua macho, akaniona, machozi yakamtoka.

“Kumbe uko huku nje? Nilijua umo ndani.”

Maana nilikuwa na tabia, baada ya chakula cha mchana, ya kujifungia ndani ya ndege na kulala kiti cha nyuma. Mzee wa watu alining’inia pale akijua ananiokoa mimi, nami niko Kariakoo nafunga kabati.

“Kamba?” akaniuliza. Nikamwonyesha mfuko. Akafumba macho. “Ungeniambia tu. Stoo zimejaa kamba, ningekupa.”

Heri angenipiga. Mkono ule haukupanda juu ya bega tena mpaka anaingia kaburini.

Basi sikiliza. Usiipe ndege mgongo hujaifunga, hata kama hakuna upepo na wenzako wanakucheka. Kamba zake zisitoke pale kwa shida ya mtu yeyote, hata ya mama yako. Ukikosea, sema mapema, simu unayo. Na ukikuta upepo umeshaibeba, kaa mbali, iache iende, nyingine itanunuliwa. Mimi nitakuwa hapa dirishani kila upepo ukivuma, siwezi kukudanganya, roho itakuwa juu. Nenda na radhi zangu, mwanangu, na Mola akurudishe kwetu kila jioni na mikono yako yote miwili.