Mrija wa Asia

Watu wa Ibighi wakinikuta sokoni na mchele wangu huniuliza, "Bimdogo, yule binti wa kaka yako aliyekuwa anasomea udaktari yuko hospitali gani siku hizi?" Nawajibu yuko zahanati ya Kisiba, anafunga vidonda na kugawa klorokwini. Wengine huchukua mchele wao wakaenda zao. Wale wasio na haya hucheka, wanasema kumbe zile kelele zote za Kemia ziliishia kwenye vidonda. Wa namna hiyo nawapunja mchele, wala sijutii.

Asia ni mtoto wa kaka yangu Sadalla, fundi cherehani, mtu mpole mpaka anaudhi. Mama yake, wifi yangu Mwanaamina, alifariki Asia akiwa na miaka saba. Wakati huo walikuwa wanalima Kisiba, karibu na ziwa. Uchungu ulimshika mvua ikinyesha, na mvua ya kwetu Rungwe ikianza haina adabu. Wanaume wanne wakambeba kwa machela kumleta hospitali Tukuyu, mtoto anakimbia nyuma yao kashika kiatu kimoja cha mama yake. Walipofika kwenye daraja la miti, wifi yangu alikuwa amekwisha, na kiumbe tumboni vilevile. Asia aliletwa kwangu na kile kiatu mkononi. Nikamlea mimi, kwa kuwa Mungu hakunijalia wa kuzaa.

Tangu hapo alikuwa na neno moja tu, atakuwa daktari. Nikimwambia uuguzi nao ni kazi nzuri, ananitazama kama nimemtukana. Anataka kuwa yule anayeshika kisu. Na Uhuru ulikuwa umekuja, redio inasema kila siku kwamba madaktari wa nchi hii unaweza kuwahesabu, watoto wasome. Basi akasoma. Mtoto wa kike wa Kiislamu kutoka Ibighi kufika kidato cha sita, tena cha sayansi! Nilitembea mjini kidevu juu utadhani nimesoma mimi.

Akamaliza mwaka 1969. Baiolojia alifaulu vizuri sana, Fizikia alifaulu, Kemia akaanguka. Shuleni kwao mwalimu wa Kemia aliondoka katikati ya mwaka, hakuletwa mwingine, wakabaki kusomeshana wenyewe. Na bila Kemia, mlango wa udaktari kule Dar es Salaam haufunguki. Akaenda JKT na wenzake, akarudi mikono migumu kama ya mpasua mbao. Wenzake wakapanda basi kwenda Chuo Kikuu. Yeye akaja kuketi jikoni kwangu, akaniambia, "Shangazi, narudia."

Kurudia mtihani ukiwa huna shule ni mateso. Vitabu utaazima, lakini nani atakuazima maabara? Kwa bahati alikuwepo Mwalimu Lazaro, wa sekondari moja hapa wilayani, akakubali Asia aingie maabara kila Jumamosi kwa sharti la kuosha vyombo vyote vya wiki nzima. Aliosha mwaka mzima, vidole vikababuka kwa dawa, hakulalamika hata siku moja.

Ndipo na mimi mwuza mchele nilipojua kitu kinachoitwa pipeti. Ni mrija wa kioo. Unauchovya kwenye dawa, unanyonya kwa mdomo mpaka dawa ifike kwenye alama, unaziba juu kwa kidole. Ukizidisha, dawa inakuingia mdomoni. Ukipunguza, hesabu zote zinaharibika. Nyumbani hatukuwa na pipeti, basi jirani yangu Tusekile akampa mrija wa mwanzi, ule wanaonywea wazee wa Kinyakyusa pombe ya kimpumu. "Ndaga, mama," Asia akashukuru, akaingia nao ndani mwangu.

Nilifoka siku ile, jirani wote walisikia. Mrija wa walevi kwenye nyumba inayosaliwa! Asia hakubishana. Akauchemsha mara tatu, akaendelea na kazi yake, kila jioni, ananyonya maji kwenye bilauri na kuyashusha kwenye kikombe, mpaka ikawa kila mara maji yanatoka sawasawa na ya mwanzo. Mwalimu Lazaro alinikuta sokoni akaniambia, "Mama, safari hii anapita. Pumzi ya mtoto huyu haikosei." Nilimwongeza mchele.

Mtihani ulipangwa kufanyikia Iringa, mwaka 1971. Ramadhani ikatangulia kuingia. Siku ya vitendo, yaani siku ya pipeti, ikaangukia siku ya tisa ya kufunga. Siku mbili kabla ya safari nikatoka uani mchana wa jua, namkuta Asia ameinama, mrija mdomoni.

"Umefunga?" nikamuuliza.

"Nimefunga, Shangazi. Siyamezi. Nayatema yote."

"Kunyonya ni kunyonya. Unanyonya mchana wa Ramadhani, tena kwa mrija wa pombe."

"Nikamuulize Maalim Ahmadi?"

"Maalim ana kazi nyingi kuliko mirija yako."

Akautua mrija chini. "Sasa Iringa nitafanyaje, Shangazi? Pipeti ni lazima."

"Kwani Iringa Mungu hayupo? Si ulinieleza kuna silinda za kupimia?"

"Silinda haipimi sawasawa."

"Mungu atasawazisha."

Mtu akinisikia leo atasema nilikuwa na roho mbaya. Sikuwa nayo. Asia alifunga kila mwaka akimwombea mama yake, na mimi niliamini saumu ile ndiyo kitu pekee ambacho Mwanaamina anakipata kule aliko. Niliogopa isiharibike. Nikamshika mkono nikamwambia aape. Akasita. Nikamwambia, "Sema haki ya marehemu mama, sitanyonya." Akasema. Nikaenda kupika futari na moyo wangu mweupe kabisa.

Matokeo yalifika masika. Kemia, alama ileile ya mwanzo. Mwalimu Lazaro alikuja mwenyewe nyumbani, hakutaka chai, akauliza vitendo vilikwendaje. Asia akamjibu, "Nilipimia silinda, Mwalimu. Majibu yangu matatu hayakulingana." Mwalimu alishika kichwa kwa mikono miwili. Hakuuliza kwa nini, labda aliona aibu kuuliza, na mimi nilikuwa pale pale napepeta mchele wala sikufungua kinywa.

Kesho yake nikajipeleka msikitini kwa Maalim Ahmadi. Nilitaka aniambie nilifanya vyema, nilale. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Bimdogo, ukitawadha mchana wa Ramadhani husukutui?"

"Nasukutua."

"Unayameza maji?"

"Siyamezi."

"Basi." Kisha akaongeza, "Tena mtoto alikuwa msafiri. Ruhusa hata ya kula ilikuwa yake tangu anapanda basi."

Miaka arobaini nasukutua mdomo nikiwa nimefunga, isinijie akilini. Wahenga wamesema mdomo uliponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mwenzangu. Nilirudi nyumbani, sikumwambia mtu.

Nilijidanganya kwamba atarudia tena mwaka unaofuata. Lakini Mwalimu Lazaro akahamishiwa Songea, na aliyekuja baada yake hakutaka mtu wa nje kwenye maabara yake. Bila maabara hakuna kujiandikisha. Kisiba kilikuwa kijiji cha ujamaa, watu wamejenga zahanati kwa mikono yao na hawana wa kufanya kazi ndani yake. Asia akaomba kazi ya uhudumu, wakampa. Kaka yangu alimshonea gauni jeupe usiku kucha, analia juu ya cherehani, mimi najifanya nasinzia.

Mwaka 1976, Ramadhani tena, nilikwenda Kisiba kumtembelea. Nilimkuta hayupo. Mwanamke mmoja alikuwa ameshindwa kujifungua tangu asubuhi ya jana, mtoto amelala vibaya, na zahanati haina wa kumpasua. Wamembeba kwa machela kwenda Tukuyu, Asia kafuatana nao. Nikakaa kwenye benchi la wagonjwa nikingoja, mvua inapiga bati.

Alirudi alasiri, matope hadi magotini, kabeba blanketi la zahanati lililoviringishwa. Akaketi upande wa pili wa benchi.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Hakufika."

"Mlifika naye wapi?"

"Darajani," akasema.

Hapo moyo wangu ulikatika. Sikuweza tena kulibeba lile jambo peke yangu. Nikamwambia yote, nilivyokwenda kwa Maalim, alivyoniuliza habari ya kusukutua, alivyosema juu ya msafiri, na kwamba nimemficha miaka yote ile. Nikamwambia, "Nilikosea, mwanangu. Saumu yako isingeharibika. Nilikunyima udaktari kwa ujinga wangu."

Asia alinisikiliza huku anakwangua matope kwenye mguu kwa kijiti.

"Nilijua, Shangazi," akasema.

"Ulijua lini?"

"Siku ileile ya mtihani. Tukiwa mlangoni tunasubiri kuingia, kulikuwa na kijana wa Tanga, Zuber, amefunga kama mimi. Nilimuuliza atafanyaje na pipeti. Akaniambia, dada, si kama kusukutua tu? Nyonya, tema, endelea. Tukaingia. Alikuwa meza ya mbele yangu, nikamwona ananyonya."

"Sasa mbona wewe hukunyonya?"

Alinitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Pipeti nilikuwa nimeishika tayari," akasema. "Lakini uliniapisha kwa mama."

Akainuka, akalichukua lile blanketi, akaenda kulifua.