Cherehani Kumi na Mbili za Fundi Salehe

"Mimi mchafu, Bwana Stefano? Nitazame usoni uniambie! Maana gazetini mmeandika mafundi wa Morogoro wachafu, ndiyo maana cherehani zenu zinakufa."

Stefano, karani wa Kampuni ya Tausi, alikuwa anakunywa chai kwenye baraza la duka. Hata hakuinuka. "Fundi Salehe, gazeti halikutaja jina lako."

"Limetaja mafundi. Kwani mimi mganga?"

Wapita njia wakacheka. Enzi hizo za Mdachi, Morogoro nzima ilishonea cherehani za Tausi, maana nyingine hazikuwepo. Sindano Tausi, mafuta Tausi. Ikiharibika, wanakwambia nunua mpya. Na zote zilikuwa zinaharibika palepale: kigurudumu cha chini kilikuwa laini, meno yake yanalika baada ya miezi michache.

Salehe ndiye aliyegundua. Kwao Kinole, ushonaji kajifunzia Bagamoyo, anashona kanzu pale Mafiga. Hakuwa mtu wa maneno mpaka cherehani yake ilipokufa wiki ya Idi, wateja wake wakaenda kusali na kanzu kuukuu. Hapo hakutulia tena. Alipanda milima kijiji kwa kijiji, anafungua cherehani za watu, anatazama, kisha akapeleka barua gazetini. Barua yake ilitoka mistari mitatu, pembeni kabisa. Jibu la kampuni likachukua ukurasa mzima, na picha ya bibi wa Kizungu anashona huku anacheka.

"Basi tufanye hivi," Stefano akasema. "Jumamosi asubuhi lete hizo cherehani zako sokoni. Nitafungua moja mbele ya watu, nichague mwenyewe. Kosa likiwa letu, tunabadilisha vigurudumu vyote bure, na gazetini nitaandika."

"Nitaleta kumi na moja!"

Jumamosi zikawa kumi na mbili. Alfajiri, na kipupwe kile, mjomba wake Kasiani aliingia kutoka milimani na cherehani kichwani. Huko misheni yeye ndiye anayewashonea watu nguo za kanisani.

"Shikamoo mjomba." Salehe akainama, akanusa. "Humu umetia mafuta gani?"

"Marahaba. Ya nazi. Ya kampuni yaliisha, ningefanyaje?"

"Ya nazi yanaganda na baridi, mjomba! Hii tuiache nyumbani."

"Tuiache? Mimi niliyekuoza mke, leo cherehani yangu inakutia aibu?"

Kwa Mluguru, kaka wa mama ndiye mwenye ukoo. Hakataliwi. Salehe akaiweka mwisho wa mstari, nyuma ya nyingine, akaifunika gunia.

Stefano alifika, akatazama cherehani kumi na moja zilizo wazi na moja yenye gunia. Akaenda moja kwa moja kwenye gunia. Alipofungua, mafuta yalikuwa yameganda meupe kama samli. Akachota kwa kidole, akakiinua juu.

"Jamani, hii cherehani au kikaango?"

Soko lote likaangua kicheko.

"Fungua nyingine!" Salehe akapiga kelele. "Fungua yoyote!"

"Tulisema moja, fundi." Stefano akafuta kidole kwa leso, akaenda zake kuandikia gazeti.

Kasiani alikuwa bado kachuchumaa, anapangusa mafuta kwa kanga kuukuu. "Salehe, njoo uone. Mbona na hii yangu meno yamelika? Huyu hakutazama huku chini."

Salehe akatazama. Yamelika kweli, kama zile nyingine zote.

"Naona, mjomba. Ila watu wamekwisha kucheka, nani atatusikiliza?"

Mafundi wakaanza kubeba cherehani zao. Mmoja wao, Petro, akashindwa kunyamaza. "Ungemwambia tu mjomba wako hapana. Neno moja!"

"Wako wewe ungemwambia?"

Petro akajitwisha cherehani yake, akaenda zake.

Salehe akakunja lile gunia, akampa mjomba. "Mke wangu Mwaisha yuko shambani peke yake tangu asubuhi, anaamia ndege," akasema. "Watamaliza mtama." Akapandisha shuka, akashika njia ya shambani.