Nilijiandika Marehemu Ili App Yangu Ikubaliwe

Admin, shikamoo kama umenizidi umri, kama sivyo basi salaam. Nifichie jina, maana nusu ya Pongwe imo kwenye ukurasa huu. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na tatu, nina mke na mtoto mmoja, na kazi yangu ni kutengeneza simu na kompyuta hapa hapa Pongwe, Tanga. Nimechoka, ndugu zangu. Hata hasira sina tena.

Miaka mitatu iliyopita baba yangu alifariki alfajiri kwetu Mwera. Mimi nilikuwa Maramba, nafunga kompyuta za shule. Sisi Waislamu maiti hatuicheleweshi. Tangazo lilitolewa msikitini na kwenye kundi la ukoo, kundi ambalo nilikuwa nimelinyamazisha kwa sababu ya vichekesho vya mashemeji. Kila mtu akadhani mwenzake amenipigia. Nilifika saa kumi na moja jioni, nikakuta watu wanakung'uta udongo kwenye kanzu. Sikumwona baba, na hilo halijanitoka moyoni mpaka leo.

Ndiyo maana nikatengeneza app ya kutangaza misiba. Imamu au mwenyekiti wa mtaa anaandika jina la marehemu, mahali na wakati wa maziko, na simu za jamaa wote waliojiandikisha zinalia mlio usiozimika mpaka mtu asome. Ilinichukua mwaka mzima, najifundisha mwenyewe. Simu ya kwanza kuiwekea app hiyo kwa majaribio ilikuwa ya mama, kule Mwera. Alifurahi, akasema, "Laiti ingekuwepo siku ya baba yako."

Basi nikaituma kwenye duka la app ili waikague. Waliopita njia hiyo wanajua: unatuma, halafu unakaa. Asubuhi nafungua, inasubiri ukaguzi. Mchana nafungua, inasubiri. Majirani wakaanza kuniuliza kila nikipita, nikawa nazunguka njia ya nyuma. Mke wangu alinitazama siku moja akasema, "Wenzio wasubiri visa, weye wasubiri kibali cha kutangaza maiti."

Wiki ya tatu wakaikataa. Sababu yao: wameifungua wakaikuta tupu, hawana cha kukagua, niwape akaunti ya mfano yenye taarifa ndani. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Itakuwaje na kitu wakati hakuna aliyekufa? Nimwombe Mungu alete msiba ili wakaguzi waridhike?

Nilitakiwa nibuni jina tu. Lakini kila jina lililonijia lina mwenyewe. Juma ni mjomba wangu, Salimu jirani, Mwanahamisi shangazi. Kwetu kumwandika mtu hai kuwa marehemu ni uchuro, na mimi, pamoja na kompyuta zangu zote, uchuro nauogopa. Nikasema nisimtwishe mtu balaa, kama ni kubeba nibebe mwenyewe. Nikaandika jina langu kamili, mahali Pongwe, maziko baada ya alasiri. Nikatuma tena asubuhi hiyo, nikaizima simu yangu ili nipumzike, nikala, nikalala. Nilikuwa nimesahau kwamba simu ya mama bado imeunganishwa.

Niliamshwa na kilio mlangoni. Mama ameshuka kwenye gari la kukodi na shangazi zangu wawili, wana mikeka. Alikuwa amenipigia njia nzima simu haipatikani, na mke wangu alikuwa kliniki na mtoto, simu yake kaiacha ndani haina chaji. Kwapani mama amebana sanda. Ni sanda yake mwenyewe, aliyojiwekea sandukuni tangu baba afe. Alikuja kunivisha mimi.

Aliponiona nimesimama na msuli kiunoni, aliketi chini palepale kwenye mchanga. "U mzima?"

"Mzima, mama. Ule ulikuwa mfano tu, wa kuwaonyesha wakaguzi."

"Mfano? Nimekulilia toka Mwera hadi hapa, kumbe nalilia mfano?"

Hakunywa hata maji. Alipoondoka aliiweka ile sanda juu ya meza ya kompyuta, akaniambia, "Kaa nayo. Imetoka sandukuni kwa jina lako, mie siirudishi. Na siku utakayolitoa dude hilo kwa watu, ujue huna mama."

Tangazo nilishalifuta kwenye simu ya mama, likabaki kwenye akaunti ya wakaguzi tu. Nimekwenda Mwera mara mbili kuomba radhi, akajifungia chumbani. Nampigia kila siku. Anapokea, nasema shikamoo, anajibu marahaba, kisha anakata.

Ijumaa iliyopita, baada ya wiki sita, app imekubaliwa. Kimebaki kitufe kimoja, nikibonyeza itaonekana kwa watu wote. Wallahi sikufurahi. Na siku hiyo hiyo amefariki mzee mmoja wa mtaa wetu, tukamzika alasiri. Tunarudi makaburini, binti yake ndiyo kwanza anawasili kutoka Maramba, begi mkononi, anauliza, "Mmeshamzika?" Imamu akanigeukia, anajua app iko tayari. Mimi nikaangalia chini, udongo umejaa kwenye kanzu yangu.

Nikibonyeza, nampoteza mama niliyebaki naye. Nisipobonyeza, kila atakayechelewa maziko hapa nitaona nimemchelewesha mimi. Mke wangu anasema mama atapoa, lakini yeye hamjui mama kama ninavyomjua mimi. Nimeuliza marafiki, kila mtu ana lake.

Mliomo humu, hasa nyinyi kina mama, nishaurini bila kunitukana, maana nimeshajitukana vya kutosha. Sanda bado ipo mezani, naisogeza kando kila nikitaka kufanya kazi. Na kama yupo anayejua, aniambie: sanda ya mama iliyotolewa kwa jina la mwanawe aliye hai, hurudishwaje sandukuni?