Siku Papa Alipoomba Funguo

Papa, baba yetu, alikuwa mtu wa miguu. Tangu ningali mtoto nilimwona akiteremka kilima cha Bagira, hapa Bukavu, kila asubuhi kwenda shuleni alikofundisha, mkoba kwapani, na kukipanda tena jioni akiwa na vumbi au matope mpaka magotini, kulingana na majira. Mapadri wa parokia walimjua, na mara nyingi walisimamisha gari lao wamchukue. Aliwashukuru kwa upole akaendelea kutembea. Ikiwa lazima apande teksi, alikaa kiti cha nyuma hata kama cha mbele kilikuwa wazi. Sisi watoto tulijua kwamba anaogopa magari, na hatukuona ajabu. Wako wanaoogopa maji ya ziwa, wako wanaoogopa mbwa.

Mama alipofariki, Papa alibaki peke yake katika ile nyumba. Alikuwa amekwisha kustaafu, magoti yamechoka, lakini bado alitaka kufika Walungu kila mara kuangalia shamba la mihogo na maharage ambalo yeye na mama walilima pamoja. Alikwenda kwa pikipiki za kukodi. Siku moja pikipiki ilimwangusha kwenye utelezi, akarudi na mkono umevimba, akaniambia ni kitu kidogo. Ndipo kaka yangu anayeishi Ubelgiji na mimi tukapatana kwamba Papa anunuliwe gari. Binamu yetu mmoja, dereva wa teksi, angekuja kumwendesha siku za shamba na siku za misa.

Kazi ya kuchagua niliichukua mimi. Nafanya kazi katika biro, ofisi ya shirika linalosaidia vituo vya afya, na huko magari tunayachagua kwa hesabu, hatuyachagui kwa macho: linakunywa esansi, yaani petroli, kiasi gani, piesi zake za kubadilishia zinapatikana kwa fundi yeyote au ni za kuagiza, litapanda milima yetu wakati wa mvua au litatuacha njiani. Nilizunguka, nikauliza, na mwishowe nikalipata kule Nguba, kwa muuzaji anayeleta magari yaliyotumika kutoka Japani. Lilikuwa dogo, la kijivu, usukani kulia kama mengi ya kutoka huko, na gia zake zilijibadilisha zenyewe. Ni aina ile unayokutana nayo kila kona ya Bukavu, na kwa sababu hiyohiyo nililipenda. Nilimwambia muuzaji kwamba nitakuja na muzee alione tu, halafu tumalizane.

Tulikwenda Jumamosi moja, Papa akiwa amevaa koti lake la misa. Alilizunguka lile la kijivu, akalisifu, akanishukuru kwa maneno mazuri. Nikageuka kuzungumza na muuzaji juu ya karatasi za forodha, na nilipotazama tena Papa hakuwapo. Alikuwa amefika mwisho wa uwanja, karibu na ukuta, mbele ya gari moja la zamani la Kijerumani, la kijani kilichokoza, refu, lenye taa za mviringo na usukani kushoto. Familia moja ya hapa mjini ilikuwa imeliacha pale liuzwe. Papa alikuwa ameweka kiganja juu ya boneti, kama tunavyoweka kiganja kwenye paji la mtoto mwenye homa.

Muuzaji alicheka kidogo. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba wanaoliulizia lile ni watu wa arusi tu, kwa ajili ya picha. Esansi linakunywa bila huruma, na piesi zake hata Kigali unaweza kuzikosa. Nikamwendea Papa nimwambie twende. Hakunigeukia.

"Funguo yake iko wapi?" aliuliza.

Muuzaji alidhani muzee anataka kusikia injini, akamletea. Papa alivua kofia, akanipa niishike, akaingia na kufunga mlango. Nilitaka kumwambia kwamba ameingia upande wa dereva. Kweli, hayo ndiyo maneno yaliyokuwa mdomoni mwangu.

Uwanja ule uko kwenye mteremko, magari yamebanana, na mlango wa kutokea uko juu. Papa alisogeza kiti, akarekebisha kioo, akawasha. Alisikiliza injini, kichwa amekiinamisha upande mmoja. Kisha lile gari likaanza kurudi nyuma, taratibu, likipanda, likapita kati ya jeep mbili ambazo mimi nisingepita kati yake hata kwa miguu nikiwa na kikapu, likapinda, likatoka mlangoni na kuingia barabarani. Halikugusa kitu. Tulisikia gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila moja ikiingia bila kelele, halafu mlio ukapotelea upande wa mjini.

Nilibaki na kofia mkononi. Muuzaji aliniuliza muzee aliendesha wapi zamani, nikamjibu kwamba Papa hajui kuendesha. Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. Mimi ni mwanamke mwenye watoto wangu, nimelala chini ya paa la mtu yule utoto wangu wote na ujana wangu wote, na ningeapa mbele ya padri kwamba mikono ile haijawahi kushika kitu zaidi ya chaki, jembe na rozari.

Aliporudi aliegesha palepale lilipokuwa, akaniambia niingie. Niliingia, nikakaa kando yake. Alizima injini, akaacha mikono yote miwili juu ya usukani, akaongea akitazama ukuta uliokuwa mbele yetu.

Alipomaliza shule, alisema, hakupata nafasi ya kufundisha. Akaajiriwa na tajiri mmoja aliyenunua mpunga Luberizi na Sange na kuupandisha Bukavu kwa malori. Alianza kama msaidizi, akawa dereva. Tajiri yule alikuwa na gari kama hili, rangi ileile, na Jumapili Papa ndiye aliyemwendesha kwenda misa. Katika malori alifanya kazi na kijana mwingine, rafiki yake wa karibu, na dada wa kijana huyo ndiye aliyekuja kuwa mama yangu.

Kijana huyo nilimjua kwa sura. Picha yake ilitundikwa sebuleni kwetu, chini ya Bikira Maria. Tuliambiwa ni mjomba, alikufa kwa ajali kabla hatujazaliwa. Zaidi ya hapo hatukuambiwa, nasi hatukuuliza.

"Lori yake ilikuwa mbele, yangu nyuma," Papa alisema. "Kule Ngomo, kwenye kona za mulima. Niliiona inaenda. Ni mimi nilishuka mule bondeni kumutoa."

Papa aliendelea kwa sauti ileile aliyotumia kutufafanulia hesabu za kugawanya. Posa ilikuwa imekwisha kupelekwa. Baada ya matanga, mama alimwita pembeni.

"Aliniambia: ni mimi ao ni volan, chagua. Nikamuchagua yeye." Aliposema volan aligonga usukani kwa kidole.

Nilimwuliza kwa nini hawakutuambia. Alisema mama hakutaka habari ile ikae ndani ya nyumba pamoja na watoto, na yeye hakuona sababu ya kumpinga. Ile ya kukaa nyuma katika teksi, kumbe ni kwa sababu akikaa mbele miguu yake inakanyaga pedali ambazo haziko, na mama akiiona anaumia. Wakati wote huo alikuwa anazungumza juu ya mama bila uchungu wowote. Alisema hakujuta hata siku moja. Nilipodhani amemaliza akasema, "Lakini hamu haikuisha."

Mtu angedhani nilimkumbatia pale. Nilikasirika. Nilimwambia kwamba gari lile ni la kutupa pesa, kwamba litakufa njiani, kwamba ana umri mkubwa na macho ya uzee, kwamba kaka yangu hatakubali. Papa alisikiliza kila neno. Alijibu kwamba kama ni zawadi ya watoto, atapokea tunachompa, hata la kijivu, na atakaa nyuma binamu akimwendesha. Hakusema kwa kunisuta. Ndivyo alivyoishi, na ndivyo alivyokuwa tayari kuendelea.

Nilimpigia kaka yangu. Alicheka sana, akidhani namtania, kisha kicheko kikakatika. Akauliza, "Papa yetu?" Nikasema ndiyo, papa yetu. Akauliza tena swali lilelile.

Kwa siku kadhaa sikulala vizuri. Gari halikuwa tena shida yenyewe. Nilikuwa najiuliza nimekula meza moja na mtu huyu mara ngapi bila kujua kwamba kuna kitu anakitaka. Nilimwona mtu asiye na matakwa, nikaita hiyo tabia yake. Wala sikumlaumu mama. Mimi pia, kama kaka yangu angekufa kwenye kona ile, ningedai vilevile. Mwishowe nilirudi Nguba, nikalinunua la kijani, nikijua kabisa kwamba nafanya kosa. Papa alikwenda mwenyewe kutafuta kibali kipya cha kuendesha, na kwa macho wakampa miwani.

Safari yake ya kwanza ndefu hakuipeleka Walungu. Alitaka kuteremka Luberizi, akaniomba nimsindikize. Tulipofika kwenye kona za Ngomo alipunguza mwendo, akasimamisha gari pembeni, akashuka. Alinionyesha mahali. Chini kulikuwa na majani tu, na mbuzi wawili wakila. Alifanya ishara ya msalaba, akasimama pale muda, midomo ikicheza bila sauti. Mimi nilikuwa nimeshikilia mlango wa gari kwa nguvu kana kwamba ardhi inatembea. Yeye alirudi kwenye usukani, akaingiza gia ya kwanza bila kelele.

Luberizi alitembea kwenye mapito kati ya mashamba ya mpunga, akiwauliza watu habari za wazazi wao. Wengi hawakumjua. Mama mmoja muuza mchele alimkumbuka tajiri wa zamani, akamkumbuka na "yule dereva wa kuimba," na nikashtuka tena, kwa sababu Papa akasema ndiyo, ni yeye. Sijawahi kumsikia Papa akiimba nje ya kanisa.

Tulipotaka kurudi, gari halikuwaka. Fundi wa pale alifungua, akaangalia, akatuonyesha pampu ya esansi iliyokufa. Nyingine kama hiyo hakuwa nayo, na Sange hawakuwa nayo, na Uvira walicheka kwenye simu. Kila kitu nilichotabiri pale uwanjani kilikuwa kimetimia mbele ya macho yangu. Tukaliacha gari kwa fundi, tukapanda lori lililokuwa linapeleka mchele Bukavu. Dereva alitupa nafasi mbele. Papa alikaa katikati, magoti yake karibu na rungu la gia, wakazungumza na dereva juu ya breki na mizigo mpaka nikachoka kusikiliza.

Baada ya Kamanyola, barabara ilipoanza kupanda, Papa alinigusa mkono.

"Ulikuwa na haki, mama. Ile ndogo ingetufikisha na kuturudisha."

Nikasema hakuna neno.

"Lakini na ile mi singekuja," alisema.

Dereva wa lori aliendelea kutazama barabara. Nililia kidogo nikiwa nimegeukia dirishani, na wala sijui nilikuwa namlilia nani kati ya wale watatu, Papa, mama au mjomba.

Pampu ilipatikana hatimaye, ikatolewa kwenye gari lingine la aina ileile lililokuwa limeoza nyuma ya nyumba moja kule Muhumba. Tangu hapo gari la kijani hutembea juma moja na hulala kwa fundi juma linalofuata. Lile la kijivu lilinunuliwa na mwalimu mwenzake wa zamani. Naliona likipita, safi, halina shida yoyote, na kila nikiliona natikisa kichwa.

Mwezi uliopita Papa aliamua kwamba mimi pia lazima nijue kuendesha, maana binti wa dereva hawezi kubebwa kama gunia. Alinipeleka kwenye barabara ya Kavumu, asubuhi ya Jumapili baada ya misa, akahamia kiti cha abiria, akafunga mikono kifuani. Niliwasha. Nikabadilisha gia bila kukanyaga pedali ya klachi sawasawa, na gari zima likatoa mlio wa chuma kinachotafunwa.

"Ambreyaji!" Papa alipiga kelele. "Kanyaga ambreyaji! Unaiua!"

Mtu huyu hakuwahi kunipandishia sauti, si nilipovunja sahani, si nilipofeli mtihani, si nilipomletea mchumba asiyempenda. Niliacha usukani kabisa nikamtazama. Uso wake ulikuwa umekunjamana, kidole amekinyoosha kwenye miguu yangu, na gari lilikuwa bado linatembea.

"Usiniangalie mimi," alisema. "Angalia barabara."