Mlinzi wa Boma la Mwami

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya ardhi Kasulu, mwaka 2012, Afisa Ardhi alinipa kazi iliyonisahaulisha kwamba nimebakiza miaka mitatu nistaafu. Upande wa Kitanga kulikuwa na boma la mwami, mtawala wa Waha wa enzi zile: mashamba, misingi ya nyumba, makaburi. Lilitakiwa kupimwa lihifadhiwe. Kijiji kidogo kilikuwa chini yake, bondeni.

"Usiharakishe," aliniambia. "Bikoni ikishasimama, kuing'oa ni kesi."

Bikoni ni nguzo fupi ya zege tunayoichimbia kwenye kila kona ya eneo lililopimwa. Ramani ya zamani ilipitisha mpaka chini ya chemchemi. Ningeifuata, maji pekee ya kijiji yangeingia ndani ya uzio wa boma. Wanakijiji walisema mpaka wa kweli uko juu ya chemchemi, na shahidi wao alikuwa mmoja: mlinzi wa mwami, bado yupo palepale.

Nikamngoja. Siku mbili nilikaa juu ya chemchemi na daftari langu, mkoba nimeutundika kwenye mti usio na jani, maua mekundu matupu. Mlinzi hakuja. Siku ya tatu nilimwambia Mama Yusta, mjumbe wa serikali ya kijiji, kwamba bila shahidi nitafuata ramani.

Aliutazama mkoba wangu, akacheka mpaka akatua ndoo.

"Bwana Mpima, mlinzi si uyo? Umemtwisha mzigo siku zote hizo, leo unasema hayupo?"

Kumbe kwa Kiha mti ule ni umurinzi, yaani mlinzi, na kwa mgeni wanakijiji hulitafsiri tu jina. Watu wa mwami waliupanda kwenye kona za mpaka kwa kuwa ukikatwa huchipua tena. Niliuegemea, nikatazama kilimani: katikati ya nyasi kavu, doa jekundu. Tulipolifikia, tukaona jingine mbele. Nilikimbia, mimi na mvi zangu, nikifuata kazi ya mpima mwenzangu aliyetumia miche badala ya zege.

Afisa Ardhi alikuja mwenyewe, akachungulia kwa darubini ya upimaji kutoka mti hadi mti, akatia sahihi. Chemchemi ikabaki kijijini.

Nilistaafu 2015. Ninyi mnaoanza sasa mna vifaa vinavyosoma satelaiti, vifurahieni. Ila mwenyeji akikupa neno, mwombe alionyeshe kwa kidole kabla hujaliandika. Kila msimu wa maua Mama Yusta hunipigia simu: mlinzi anakusalimu, anauliza mkoba umemtwisha nani siku hizi.